Aliyesema Yeye si Gari

Mwaka 1965, kwenye milima ya Fizi, mashariki mwa Kongo, inayotazama Ziwa Tanganyika, wapiganaji wa msituni walioiasi serikali walipoamriwa kupanda na mizigo ya chakula mgongoni, wengi walikuwa na jibu moja: mimi si gari. Wakuba waliokuja kuwasaidia walipoanza kuibeba mizigo hiyo wenyewe, jibu likabadilika: mimi si Mkuba. Maneno haya tunayajua kwa sababu Ernesto Che Guevara, kamanda wa Wakuba hao, aliyasikia, yakamuudhi, naye akayaandika kama dalili ya uvivu na utovu wa nidhamu.

Kwa mwalimu wa fasihi, hapo pana somo zima. Mtu amesema maneno matatu, na mwingine amemhukumu kwa maneno hayo. Sisi tunaosoma baadaye tunapokea maneno na hukumu kwa pamoja, kama chakula na chombo chake, wala hatukumbuki kuvitenganisha. Tukikutana na mtu kitabuni, katika sanamu au katika historia, tunajuaje alikuwa mtu wa namna gani? Na aliyetuambia alipata wapi mamlaka ya kusema? Maswali haya ni ya kila msomaji. Nitayajibu kwa mifano ya Fizi, kwa sababu wengi wamelizungumzia eneo hilo bila kuwasikiliza wenyeji wake.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani

Swali la kwanza la mfasiri wa tabia ni hili: nani anasimulia, na alisimulia akiwa katika hali gani?

Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kufika Kibamba tarehe 24 Aprili 1965. Aliondoka kwa njia hiyohiyo ya maji tarehe 21 Novemba mwaka huohuo, harakati zikiwa zimevunjika. Kitabu chake kuhusu miezi hiyo saba alikiandika Dar es Salaam, akiwa amejificha katika ubalozi wa Kuba, akitumia kumbukumbu alizoandika vitani. Aliandika akiwa ameshindwa, na tangu mwanzo wa kitabu anakiri kwamba anasimulia habari za kushindwa. Maandishi hayo hayakuwafikia wasomaji kwa upana hadi miaka ya 1990.

Mtu anayetafuta sababu ya kushindwa huzitazama tabia za watu kwa jicho la pekee: kila mtu anakuwa sababu au kisingizio. Hilo halimfanyi Guevara kuwa mwongo. Alijikosoa kuliko makamanda wengi walivyowahi kujikosoa. Alikiri kwamba hakujifunza Kiswahili mapema wala vizuri. Kifaransa chake kilimwezesha kuzungumza na wakubwa, lakini kilimweka mbali na askari wa kawaida. Ungamo hili ndilo ufunguo wa kitabu chote. Aliyeandika kwamba askari ni wavivu alikuwa mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakuweza kuzungumza nao.

Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa kijana mdogo, Freddy Ilanga, aliyepewa kazi hiyo akiwa na umri wa miaka kumi na kitu. Baadaye Ilanga alipelekwa Kuba, akasomea udaktari na kuishi huko maisha yake yaliyobaki. Katika kitabu ni mhusika mdogo. Lakini fikiria kisa hiki kikisimuliwa na Ilanga: kijana wa Kikongo anamfundisha mgeni mkali kuhesabu na kusalimu, bila kujua kwamba mgeni huyo anajulikana dunia nzima. Ukubwa na udogo wa mhusika haukutoka mbinguni. Umetokana na aliyeshika kalamu.

Mlima wa Lulimba

Swali la pili: tunachosoma ni tendo, au ni jina ambalo mtu amelibandika tendo hilo?

Lulimba iko bara, mbali na ufuko wa ziwa, katika sekta ya Ngandja, kusini mwa Fizi. Mwaka 1965 jeshi la serikali lilikuwa na kituo hapo. Waasi walikuwa juu ya mlima, kilometa chache kutoka kituoni, wakipiga mizinga kwa mbali bila kushuka. Guevara alifika upande huo katika safari aliyoianza mwezi Agosti, akaona ajabu: siku zinapita, risasi zinaisha, mlima uko palepale na kituo kiko palepale. Kwake hiyo haikuwa vita.

Tenganisha sasa. Tendo: watu wamekaa mlimani na hawashuki. Jina: woga. Kati ya tendo na jina pana nafasi, na kazi ya mfasiri inafanyika katika nafasi hiyo. Watu wale walikuwa na adui mwenye ndege. Upande wa serikali walikuwapo mamluki wa Mike Hoare. Viongozi wao wengi walikuwa Kigoma au Dar es Salaam, na waliobaki waligombana wao kwa wao. Mwishoni mwa Juni, mashambulizi dhidi ya kituo cha Bendera yalikuwa yamevurugika na watu wamekufa. Aliyekataa kushuka mlimani mwezi Agosti huenda alikuwa mwoga. Huenda pia alikuwa amehesabu vizuri kuliko kamanda wake.

Sisemi hivi ili kumtakasa kila mpiganaji. Waliotupa silaha na kuwaacha majeruhi walikuwapo, na Guevara aliwaona kwa macho yake. Ninachosema ni kwamba woga, uvivu na ushujaa ni hitimisho. Msomaji anayeanzia kwenye hitimisho amekwisha kufunga kitabu.

Mfano mzito zaidi ni dawa. Wapiganaji waliamini kwamba dawa ya muganga ingezifanya risasi zisiwadhuru, lakini kwa masharti: wasiguse mali isiyo yao, wasiguse mwanamke, wasiogope. Akifa mtu, ndiyo kusema amevunja sharti. Guevara aliiona imani hii kuwa hatari kubwa, na kwa upande wa vita alikuwa sahihi. Lakini tuitazame kama wasomaji. Dawa ilikuwa namna ya kusoma tabia: ilichukua matokeo, yaani maiti, na kurudi nyuma kumhukumu marehemu kuwa mwizi, mzinzi au mwoga. Maiti haikuwa na nafasi ya kujitetea.

Je, vitabu vingi vya historia havifanyi hivyohivyo? Aliyeshinda tunamwita mwenye maono, aliyeshindwa tunamwita asiye makini. Tunalitazama kaburi au kiti cha enzi, kisha tunasema tabia yake ilikuwa hivi tangu utotoni. Kusoma tabia kutoka kwenye matokeo ni dawa ya muganga iliyovaa koti la msomi.

Kinyago na mvaaji

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote: tunamtazama mtu, au tunatazama cheo alichokivaa?

Wabembe wa Fizi wana jambo la kutufundisha hapa. Chama chao cha Alunga kilikuwa na kinyago kikubwa cha mti, cha kuingiza kichwa chote, chenye nyuso mbili, mbele na nyuma, na mashimo makubwa ya macho kila upande. Mvaaji alifunikwa mwili wote kwa nyuzi, na hata sauti yake haikuwa sauti ya kila siku. Waliokuwa wakitazama hawakuulizana fulani amecheza vipi leo. Nguvu haikuwa ya fulani. Ilikuwa ya Alunga, na fulani aliibeba kwa muda, kisha akaivua na kurudi shambani.

Chukua wazo hilo uende nalo kwenye historia. Guevara alipoingia Fizi alijiita Tatu. Dreke, kijana Mkuba aliyekuwa chini yake, ndiye aliyekuwa Moja. Mtu maarufu duniani alivaa namba, na namba yenyewe haikuwa ya kwanza. Kwa kuwa alikuwa daktari na aliwatibu wenyeji, watu wakamwita muganga, jina lilelile la mtu wa dawa aliyekuwa akimpinga. Kwa wagonjwa wa Kibamba huyo ndiye waliyemjua. Je, ni sura ya uongo? Hapana. Ni uso wa pili wa kinyago, na ulikuwa wa kweli kama wa kwanza.

Mfano mwingine ni Laurent-Désiré Kabila, aliyezaliwa mwaka 1939. Mwaka 1965 alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, kiongozi wa eneo hilo la mapigano lakini akikaa zaidi ng'ambo ya ziwa. Alivuka mwezi Julai, akakaa siku chache, akazungumza na watu kwa lugha yao wakamshangilia, akarudi. Guevara aliandika kwamba katika wote aliowaona, Kabila ndiye aliyekuwa na kipaji cha kuongoza umma, lakini hakuwa na uzito wa kazi. Kabila alipoingia madarakani Kinshasa mwezi Mei 1997, waandishi wengi waliichukua hukumu hiyo ya siku chache na kuigeuza utabiri wa maisha yote.

Waandishi hao wanaruka miaka thelathini. Mwaka 1967 Kabila alianzisha chama cha PRP na kuweka maskani yake Hewa Bora, katika milima hiyohiyo ya Fizi. Yaliyotendeka huko, mazuri na mabaya, wanayakumbuka watu walioishi chini ya utawala huo. Kisha akaitwa Mzee, kabla hajafika miaka sitini. Katika Kiswahili, Mzee ni zaidi ya umri: ni kiti, ni kinyago. Kinamtaka mvaaji aseme polepole, atoe na asamehe, na kinawataka wengine wainamishe macho. Kumfasiri Kabila wa 1997 kwa Kabila wa 1965 ni kuusahau ukubwa wa kinyago alichovaa katikati. Kumfasiri kwa jina la Mzee peke yake ni kumsahau mvaaji. Aliuawa Januari 2001, na tangu hapo dawa ya matokeo imefanya kazi yake: wengine wamemfanya shujaa mtupu, wengine mhalifu mtupu.

Kitu bila methali yake

Wabembe na jirani zao Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi walikuwa na chama kingine, Bwami. Huko hapakuwa na mfalme. Mtu alipanda daraja kwa daraja, akisaidiwa na ndugu zake na kupimwa kwa mwenendo wake, na kwa Walega daraja la juu kabisa liliitwa Kindi. Katika mafundisho ya Bwami vilitumika vinyago na sanamu ndogo za mti na pembe za ndovu. Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyeishi na Wabembe na Walega miaka ya 1950, alieleza kwamba sanamu ikiwa peke yake haina maana moja. Maana ilikuja ilipochezwa, kwa methali iliyoimbwa na mikono iliyoishika, na sanamu hiyohiyo ingeweza kubeba methali zaidi ya moja.

Mojawapo ni Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, mfano wa mzee mwenye hekima anayetazama kila upande kabla ya kuamua shauri. Huo ndio ualimu wa fasiri uliozaliwa katika misitu yetu, kabla chuo kikuu chochote hakijafunguliwa hapa.

Mwaka 1948 wakoloni waliipiga marufuku Bwami. Sanamu nyingi zilikwenda Ulaya na Marekani. Nyingi zina kibao cha maneno mawili au matatu: jina la kabila, jina la nchi. Methali haimo, wala mwenyewe, wala aliyechonga. Mtazamaji husifu nguvu ya sura ile, naye anaitazama kama Guevara alivyowatazama askari wake: kwa makini, na bila lugha.

Kurudi kwenye mzigo

Turudi milimani. Kongo ya mfalme Leopold II, na baada yake Kongo ya Wabelgiji, ilijengwa kwa migongo ya watu. Kabla ya gari, mtu ndiye aliyekuwa gari. Katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Wabelgiji lililovuka kwenda Tabora mwaka 1916 lilitembea kwa nguvu za wapagazi. Kijana wa 1965 aliyekataa mzigo huenda babu yake aliubeba kwa kiboko. Siwezi kusema kwamba ndivyo alivyofikiri, lakini nasema kwamba masikio yanayojua Kiswahili na historia hii yanasikia katika jibu lake uwezekano ambao sikio la Guevara halikuusikia. Huenda ulikuwa uvivu. Huenda pia ilikuwa heshima ya mtu ambaye uhuru kwake, miaka mitano baada ya 1960, ulimaanisha kwanza kutobebeshwa tena.

Waliokuwa na miaka ishirini wakati ule sasa wamefika themanini. Wako Lulimba, Baraka, Fizi na katika kambi za wakimbizi za ng'ambo ya ziwa. Anayewajua na awaulize sasa maneno yale yalisemwa kwa sauti gani: kwa kicheko, kwa hasira, au kwa uchovu. Hiyo ndiyo methali ya sanamu hii, na ikipotea tutabaki na kibao.

Hatuna jina la aliyesema hivyo mara ya kwanza, wala picha yake, wala kaburi lake. Tuna maneno matatu, aliyoyaanza kwa neno "mimi".