Kabla ya kununua tabuleti, tafuta kwanza kazi iliyokwama

SIKU chache kabla ya shule kufunguliwa, mama mmoja jirani yangu, ambaye huuza mboga sokoni, alibisha mlangoni akiwa na karatasi ya tangazo la duka mkononi. Zamu yake ya kupokea fedha za chama ilikuwa imewadia na alikuwa na Sh18,000. Mwanawe, aliyekuwa akijiandaa kuingia Gredi ya 7, alikuwa amemweleza kwamba wenzake kadhaa wana tabuleti nyumbani.

“Mzee, wewe unafanya kazi na tarakilishi kila siku. Hebu niambie, nikinunua kitu hiki nitakuwa nimemsaidia mtoto, au nitakuwa nimetupa pesa za chama?” aliuliza.

Ni swali ambalo wazazi wengi hujiuliza. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 8.8 pekee ya kaya nchini zilizokuwa na tarakilishi ya mezani, kipakatalishi au tabuleti. Kwa hivyo, katika nyumba nyingi tabuleti huwa ndiyo tarakilishi ya kwanza kuingia mlangoni, na fedha za kuinunua hutoka katika fungu lile lile la karo, sare na chakula. Anayekosea hapa huwa hana fedha za kukosea mara ya pili.

Nafasi iliyo katikati

Tabuleti, ambayo wengine huiita kishikwambi, ni tarakilishi bapa isiyo na kibodi, inayoendeshwa kwa kugusa kioo chake. Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya Microsoft ilijaribu kuzitia sokoni tarakilishi za aina hii mnamo 2002, lakini zilikuwa nzito na ghali, na wanunuzi hawakuzichangamkia. Mambo yalibadilika Januari 27, 2010, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipozindua iPad jijini San Francisco, Marekani.

Katika uzinduzi huo, Jobs aliuliza ikiwa kuna nafasi ya kifaa cha tatu kati ya simu na kipakatalishi. Alieleza kwamba kifaa hicho kitastahili kuwepo iwapo tu kitafanya baadhi ya kazi muhimu vizuri kuliko simu, na vizuri kuliko kipakatalishi. Kipimo hicho kingali kinafaa hadi leo. Kilichobadilika ni matokeo yake.

Kioo cha iPad ya kwanza kilikuwa cha inchi 9.7 kutoka pembe moja hadi ya pili, ilhali kioo cha simu ya iPhone ya wakati huo kilikuwa cha inchi 3.5. Ukipiga hesabu ya eneo, kioo cha iPad kilikuwa kikubwa mara nane. Siku hizi simu nyingi za Android zina kioo cha takriban inchi 6.5. Tabuleti ya inchi 10 huizidi simu kama hiyo mara tatu hivi kwa eneo, nayo ya inchi 8 haifiki hata mara mbili. Kwa hivyo, mtu aliye na simu nzuri leo anaongezewa kidogo na tabuleti kuliko alivyoongezewa mnunuzi wa mwaka wa 2010.

Kazi zinazoifaa, na zisizoifaa

Manufaa makuu ya tabuleti yamo katika kusoma. Ukurasa wa kitabu cha shule au wa mtihani uliopigwa chapa kwa karatasi ya kawaida ya A4 haukai vyema kwenye kioo cha simu. Msomaji hulazimika kuuvutavuta huku na kule hadi apoteze mstari. Kwenye tabuleti ukurasa huo huonekana wote kwa pamoja. Mimi mwenyewe hupitia kurasa za gazeti usiku kwa tabuleti nikiwa kitini, na macho hayalalamiki.

Kazi ya pili ni ile inayofanywa na mtu aliyesimama au anayetembea. Sensa ya Agosti 2019 ni mfano bora, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kukusanya taarifa za wananchi kwa vifaa vya aina hii badala ya karatasi. Karani wa sensa hakuhitaji meza wala kibodi. Aliuliza swali, akagusa jibu na kuendelea na safari ya nyumba kwa nyumba. Vivyo hivyo, mhudumu wa afya wa kijijini, afisa wa kilimo au mwenye duka anayehesabu bidhaa anaweza kupata faida ya kweli kutoka kwa tabuleti.

Hata hivyo, uandishi mrefu ni jambo jingine. Kupiga chapa insha ya kurasa tano kwa vidole juu ya kioo ni adhabu. Mwanafunzi wa chuo kikuu, mhasibu na karani wa ofisi watahitaji kibodi, na kibodi nzuri ya kuunganishwa huongeza gharama hadi kukaribia bei ya kipakatalishi kilichotumika. Zaidi ya hayo, baadhi ya programu za uhasibu na uhandisi haziwezi kutumika kwenye tabuleti kabisa. Anayetaka kazi hizo afadhali asubiri na kuweka akiba ya kununua kipakatalishi.

Funzo la shule za msingi

Taifa hili lina funzo lake. Katika kampeni za uchaguzi wa 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kuwapa vipakatalishi watoto wa darasa la kwanza. Mpango huo ulipoanza kutekelezwa mwaka wa 2016, vipakatalishi viligeuka kuwa tabuleti, na zaidi ya milioni moja zikasambazwa katika shule za msingi za umma.

Uamuzi wa kuzitia masomo kabla ya kuzisambaza ulikuwa wa busara, kwani watoto hawakuhitaji intaneti ili kuzitumia. Lakini tabuleti haijifundishi yenyewe. Palipokuwa na umeme, mwalimu aliyeandaliwa na ratiba ya kuzitumia, watoto walinufaika. Katika baadhi ya shule nyingine zilifungiwa kabatini kwa hofu ya wezi. Nyumbani nako ni hivyo hivyo: kifaa kisichokuwa na saa yake na kazi yake huishia kuwa cha michezo, au juu ya kabati.

Gharama zisizotajwa katika tangazo

Wengi huogopa gharama ya umeme, ilhali hiyo ndiyo ndogo kuliko zote. Tabuleti yenye betri ya kawaida ya mAh 6,000 inaweza kujazwa moto takriban mara 30 kwa yuniti moja tu ya umeme. Gharama zinazouma ziko kwingineko. Kifuniko cha kuikinga isivunjike ni cha lazima iwapo itatumiwa na mtoto, kwa sababu kubadilisha kioo kilichopasuka kunaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya kifaa chenyewe. Kisha kuna bando za intaneti, ambazo hazina mwisho.

Gharama kubwa zaidi imefichwa katika mpango wa lipa pole pole. Tangazo alilolileta jirani yangu lilikuwa la tabuleti ya inchi 10 iliyouzwa Sh24,000 kwa pesa taslimu. Asiyeweza kulipa zote alitakiwa kuweka amana ya Sh6,000, kisha alipe Sh90 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 90 ni kama bei ya mafungu machache ya sukuma wiki, na ndiyo maana huonekana ndogo. Lakini ukizizidisha kwa siku 365 unapata Sh32,850. Ukijumlisha amana, kifaa cha Sh24,000 kimekugharimu Sh38,850. Hizo Sh14,850 za ziada zingetosha karibu kununua tabuleti nyingine ndogo. Isitoshe, vifaa vingi vya mkopo huwekewa programu ya kuvifunga mlipaji anapochelewa, na mtoto anaweza kuamka siku ya mtihani akute kioo kimefungwa.

Mambo ya kukagua dukani

Ukishaamua kununua, usivutwe na rangi ya boksi. Fungua sehemu ya mipangilio ya kifaa na usome mambo matatu. La kwanza ni RAM, yaani kumbukumbu ambayo kifaa hutumia kinapofanya kazi. Iwapo ni chini ya gigabaiti 3, kifaa kitachoka upesi. Gigabaiti 4 ni afadhali. Jihadhari na watengenezaji wanaohesabu sehemu ya hifadhi kana kwamba ni RAM ili nambari iliyo kwenye boksi ionekane kubwa.

La pili ni hifadhi ya faili. Mfumo wenyewe hula sehemu yake, hivi kwamba kifaa cha gigabaiti 32 hakikuachii zote 32. Chagua cha gigabaiti 64, au chenye nafasi ya kuongezea kadi. La tatu ni toleo la Android na tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Kifaa kinachouzwa kama kipya ilhali mfumo wake ni wa miaka mingi iliyopita kitaanza kukataliwa na programu mbalimbali kabla hakijachakaa.

Anayenunua kilichotumika ahakikishe kwamba akaunti ya mwenyewe wa kwanza imeondolewa mbele ya macho yake. La sivyo, kifaa kinaweza kudai neno la siri asilolijua, na hapo atakuwa amenunua kipande cha kioo. Aulize pia ikiwa kina nafasi ya laini ya simu au kinategemea Wi-Fi pekee, kwani nyumba isiyo na Wi-Fi hainufaiki sana na kifaa cha namna hiyo.

Wenye watoto wadogo wana jambo jingine la kuzingatia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Tabuleti ya kumnyamazisha mtoto mchanga, basi, haifai kununuliwa hata ikiwa bei ni ya chini.

Jibu la jirani yangu

Sikumpa mama yule jibu mara moja. Nilimuuliza: ni kazi gani, na ni saa ngapi, inakwama nyumbani kwako kwa kukosa kifaa hiki? Alifikiri kidogo, kisha akasema walimu hutuma maswali ya ziada na kurasa za kusoma kupitia WhatsApp kwenye simu yake. Lakini simu hiyo huondoka naye alfajiri kwenda sokoni, kwa sababu wateja hulipa kwa M-Pesa, na hurudi saa mbili usiku. Kijana hufika nyumbani saa kumi na moja jioni, akakaa bure hadi mama arejee. Wakati huo usingizi umeshaanza kumlemea.

Hapo kazi iliyokwama ilijitokeza wazi, na ilikuwa ya kusoma, ambayo tabuleti huiweza. Nilimshauri aachane na ile ya inchi 10 ya mkopo. Alinunua ndogo ya Sh15,500 kwa pesa taslimu, akaongeza kifuniko cha Sh1,000, na akabaki na Sh1,500 za viatu. Kila usiku huhamisha faili kutoka kwenye simu hadi kwenye tabuleti moja kwa moja, bila kutumia bando, na kesho yake jioni kijana huzikuta zikimsubiri.

Angenieleza kwamba simu hushinda nyumbani, ningemwambia azirudishe fedha zake benki. Kwa hivyo, msomaji, kabla hujaingia dukani, taja kazi hiyo kwa sauti na utaje saa yake. Ukishindwa kuitaja, kuuliza si ujinga, lakini kununua kabla ya kuuliza ni hasara.