Mintarafu ya Jalada la Albamu

Vijana wa Iyolwa, au wa kijiji kingine chochote baina ya Tororo na Busia, mashariki mwa Uganda, wanaochangishana fedha zao wenyewe ili warekodi nyimbo kumi pasipo kutegemea kampuni kubwa, aghalabu humwendea msanifu wa majalada siku za mwisho, studio imekwisha kulipwa na akiba imebaki kidogo, nao huomba jambo moja tu: jalada la kupendeza. Ombi lao ni la haki, walakini lina upungufu, kwa kuwa jalada ni hati kabla ya kuwa pambo. Ndilo shahidi atakayeulizwa, baada ya miaka hamsini, nani alipiga tongoli, kinubi cha Wapadhola, na nani aliitikia, wapi na lini, siku ambayo wengi wa waliokuwapo studio watakuwa wametawanyika au wamekwenda kwa Mola wao.

Santuri zenyewe zilianza maisha zikiwa hazina shahidi huyo. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, desturi ya biashara ilikuwa kuuza santuri katika bahasha ya karatasi iliyotobolewa katikati, na habari zote za mwimbaji zikasongamana katika lebo ya duara isiyozidi kiganja. Ni mwaka 1940 ndipo Alex Steinweiss, kijana mchoraji wa kampuni ya Columbia huko Marekani, alipowashawishi wakubwa wake kwamba jalada lenye picha lingeuza santuri. Na santuri ndefu ilipotokea mwaka 1948, wachoraji wakapata uwanja mpana ambao hawajapata mwingine mfano wake.

Ila mfano ninaouheshimu zaidi hauna picha ya kuvutia hata kidogo. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyerekodi nchini Uganda mwaka 1950 na tena mwaka 1952, aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika mwaka 1954, na kutoka humo ukatoka mfululizo wa santuri zaidi ya 200 ulioitwa Sound of Africa. Majalada yake yalikuwa makavu, lakini santuri ziliandamana na kadi za maktaba zilizotaja lugha, mahali, ala za muziki na, pale majina yalipopatikana, wapigaji wenyewe. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zilizoiwezesha lebo ya SWP ya Uholanzi, takriban nusu karne baadaye, kuzitoa upya nyimbo za makasri ya Buganda, Bunyoro na Ankole, miaka ya kurekodiwa ikiwa imeandikwa waziwazi juu ya jalada. Nakiri kwamba nayapenda majalada yale makavu kuliko mengi ya siku hizi yenye machweo na mti wa mgunga, ambayo yangeweza kufunika muziki wa nchi yoyote.

Waliounganisha hati na uzuri wapo pia, wala si mbali. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilipotoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, ilifunga pamoja kijitabu, sidii na dividii, mnunuzi akabeba muziki na tarehe yake kwa mkono mmoja. Kampala nako, lebo ya Nyege Nyege Tapes ilitoa mwaka 2018 nyimbo za Ekuka Morris Sirikiti, mpiga likembe wa Lango, zilizonaswa katika matangazo ya redio kati ya mwaka 1978 na 2003, jina lake na miaka hiyo vikahifadhiwa pamoja na muziki.

Basi kazi ya msanifu huanza kwa kuandika, si kwa kuchora. Andika majina kamili ya wote, hata ya yule aliyepiga makofi tu. Andika mtunzi wa kila wimbo, mahali na mwezi wa kurekodi, na mwenye haki. Majina ya nyimbo yabaki katika Kidhopadhola, lugha ya Wapadhola, na maelezo mafupi ya Kiswahili yakae chini yake kwa faida ya msikilizaji wa upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya.

Baada ya hapo ndipo vipimo hutawala. Jalada la santuri ndefu lina takriban sentimita 31 kila upande, kijitabu cha sidii sentimita 12, na uso wa kasha la kaseti sentimita 6 na nusu kwa 10. Picha ya watu saba na ngoma zao inayopumua katika jalada la kwanza, katika la mwisho nyuso zake hubaki punje za choroko. Afadhali kuchagua kitu kimoja, tuseme nyuzi za tongoli zinapokutana na ngozi, na kukikaribia.

Karatasi nayo ina tabia yake. Chukua kipande cha manila, ukikunje kwa urefu kisha kwa upana: mkunjo mmoja utalala laini, na wa pili utameguka na kuonyesha weupe chini ya wino. Mgongo wa jalada sharti ufuate mkunjo ule laini, la sivyo kasha litachakaa kabla ya muziki kuzoeleka. Rangi ya usuli ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, maana kisu cha mchapaji hakirudi mahali pale pale kila mara. Na herufi nyeupe ndogo juu ya picha nyeusi ziepukwe, kwani wino huzimeza.

Mtambo wa ofseti huhitaji bamba kwa kila wino, kwa hiyo kwa nakala 200 gharama ya mabamba huwalemea wenye nakala chache. Kabla ya kupeleka kazi kwa wachapaji wa Nasser Road ya Kampala au River Road ya Nairobi, fikiri habari ya wino mmoja mzito uliochapwa kwa skrini ya hariri juu ya manila ya kahawia; sura yake ina heshima isiyopatikana katika picha hafifu ya rangi nne. Wengine hutamani kitambaa cha gome la mutuba, ambacho UNESCO ilikitangaza kuwa urithi mwaka 2005. Ni kizuri mno, lakini ufundi ule ni wa Baganda, na kuuvisha muziki wa Wapadhola ni kumdanganya mnunuzi kwa upole.

Nyuma ya jalada iachwe nafasi tupu kwa stika ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ikiwa nakala zitauzwa ng'ambo ya mpaka. Nimeona stika ikibandikwa juu ya majina ya waimbaji. Na kwa kuwa nyimbo nyingi Busia huhama kwa flashi na kadi ya simu, ambamo jalada la karatasi haliingii, majina yale yale yajazwe ndani ya kila faili kabla haijatoka studio, pamoja na picha ndogo ya jalada, ili wimbo usije ukafika kwa msikilizaji ukiwa na nambari tu.