Wimbo na ungo kwa mzee anayesahau (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwamba demensia ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, si laana, wala si sehemu ya lazima ya uzee. Leo tunajibu swali la familia nyingi: ikiwa dawa ya kuuponya haijapatikana, tumsaidieje mgonjwa? Jibu mojawapo ni muziki na kazi za mikono.

Demensia ya aina ya Alzheimer kwa kawaida huanza kuharibu sehemu za ubongo zinazonasa mambo mapya. Ndiyo maana bibi asiyejua alikula nini asubuhi anaweza kuimba wimbo wa ujana wake beti zote. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kuwa maeneo yanayotunza nyimbo tulizozizoea ni miongoni mwa yanayochelewa kuharibika. Mazoea ya mikono nayo hudumu.

Hapa nchini tuna mfano wa karibu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wagonjwa 34 wa demensia walikutana kwa tiba ya kuchangamsha akili katika vikundi vidogo mara mbili kwa wiki, vikao 14 kwa wiki saba. Tiba hiyo huunganisha mazungumzo, michezo, nyimbo na kazi ndogondogo, na kila kikundi hujichagulia wimbo wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezo wa kufikiri umeongezeka na wasiwasi umepungua.

Sasa tuje kwetu Mngeta, katika bonde la Kilombero. Mzee aliyezaliwa mwaka 1948 alikuwa na miaka 22 ujenzi wa reli ya TAZARA ulipoanza mwaka 1970, na mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alikuwa akitamba na bendi ya Morogoro Jazz. Nyimbo za umri huo ndizo hushika zaidi: za dansi, za ngoma, za kanisani au kaswida, na za shambani wakati wa kuvuna mpunga. Waulize ndugu na watu wa rika lake alipenda zipi.

Chagua saa ambayo mzee ametulia. Zima redio na kelele nyingine, kaa mbele yake akuone uso, kisha anza kuimba taratibu. Akipiga makofi, mfuate. Akikosea maneno, usimsahihishe. Baadaye mpe ungo wenye mchele kidogo apete na kuchambua, au ukindu asuke. Usimpime kwa wingi wa kazi. Wimbo ukimliza au kumkera, uache, ujaribu mwingine siku nyingine.

Tusidanganyane: kumbukumbu iliyopotea hairudi kwa wimbo. Mapitio ya tafiti 22 yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kuwa tiba ya muziki huenda ikapunguza sonona, lakini haikusaidia sana kutuliza fujo. Tena, malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa vitamini au dawa fulani huweza kumchanganya mzee, na hayo hutibika. Kwa hiyo mpelekeni kwanza zahanati au hospitali, hasa akibadilika ghafla.

Baada ya hapo, tengeni muda kila wiki, mpokezane watoto na wajukuu ili mzigo usimwelemee mtu mmoja. Msimfungie mzee ndani kwa aibu. Mwimbieni, mshirikisheni kazi, mwiteni kwa jina na heshima yake.

Wiki ijayo: afya ya anayemtunza mgonjwa.