Ini Likikatwa Hukua Tena, Lakini Si Kila Ini

Je, umeambiwa na daktari kwamba sehemu ya ini lako itaondolewa? Bila shaka unajiuliza utaishi vipi na kipande kilichobaki.

Usivunjike moyo. Ini lenye afya laweza kupunguzwa hata thuluthi mbili, na sehemu iliyosalia ikaanza kupanuka baada ya siku chache tu. Katika miezi michache huwa imekaribia ukubwa wa awali. Lakini usidhani kipande kilichokatwa huchipuka kama shina la mti wa kahawa. La, sehemu iliyosalia ndiyo inayonenepa mpaka iweze kazi ya ini zima.

Taabu ni kwamba ini lililojaa makovu haliwezi kukua hivyo. Makovu hayo huletwa na pombe ya miaka mingi au virusi vya hepatitisi B na C. Ndiyo sababu daktari hupima damu na kupiga picha kwanza, akikadiria kitakachobaki. Wagonjwa wengine wa saratani ya ini huambiwa hawatapasuliwa, nao hudhani wametupwa. Sivyo, kisu kingewaua mapema zaidi.

Ukipasuliwa, utatakiwa kuketi na kutembea mapema, hata kama kidonda kinauma, ili damu isigande miguuni. Wengi hukaa hospitalini kama wiki moja.

Nyumbani ndiko wengi hukosea, hasa sisi wa mashambani. Mtu amerudi Gatitu, ng'ombe wanalia na kahawa imeiva. Kwa wiki sita hadi nane usiguse jembe, mtungi wa maji wala mzigo wa kuni. Uchovu utakuandama, si uvivu, na jamaa zako waelezwe hivyo. Kula kidogo kidogo mara nyingi: mayai, maharagwe, maziwa. Mahindi yenye kuvu yatupe. Sumu yake iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na ikiliwa kidogo kidogo huleta saratani ya ini. Pombe usionje. Dawa za mitishamba pia ziache, na hata paracetamol umeze kwa kipimo cha daktari pekee.

Ukiona macho yamekuwa manjano, tumbo limevimba, una homa, kidonda kinatoa maji ya rangi ya nyongo, au mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, msingoje siku ya kliniki Nairobi. Nendeni siku hiyo hiyo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Nyeri mjini, mkiwa na barua ya upasuaji mkononi.