Kufundisha Uaminifu wa Mungu: Petro na Moto wa Makaa

Miongoni mwa mafundisho ambayo mwalimu wa Elimu ya Dini hutakiwa kuwafikishia watoto, lipo moja ambalo ni jepesi kulitamka lakini gumu kulifundisha: kwamba, kwa imani ya Wakristo, Mungu hubaki mwaminifu hata pale mwanadamu anaposhindwa. Mara nyingi mwalimu hulitaja kwa sentensi moja, wanafunzi huikariri, kisha somo humalizika kwa onyo kwamba Mungu huwapenda watoto wema. Onyo hilo hubomoa yote yaliyotangulia. Mtoto aliyesema uongo jana, au aliyemwibia mwenzake kalamu, huondoka darasani akidhani kwamba Mungu amekwisha kumwacha, na kwamba lililobaki ni kuficha tu. Hapana budi basi mwalimu alielewe jambo hili barabara kabla hajasimama mbele ya ubao.

Makala haya yatamweleza mwanachuo kwanza maana ya fundisho lenyewe, kisha namna ya kulifundisha katika darasa la tano au la sita kwa kutumia habari za mtume Petro.

MAANA YA UAMINIFU

Yafaa kuanzia katika lugha. Neno letu "uaminifu" limetokana na shina la Kiarabu lililotupatia pia imani, amani na amana. Amana ni kitu unachomkabidhi mtu akutunzie. Mwaminifu ni yule ambaye utakaporudi utaikuta amana yako. Kiebrania, ambacho ndicho lugha ya sehemu kubwa ya Agano la Kale, ni ndugu ya Kiarabu na kina shina hilohilo. Humo ndimo lilimotoka neno "Amina", ambalo watoto hulitamka kila wanapomaliza kusali. Asemaye Amina anakiri kwamba jambo hilo ni thabiti na la kutegemewa.

Katika Biblia uthabiti huo umefungwa katika agano. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 15, kinasimulia jinsi Mungu alivyoagana na Abramu. Wanyama walipasuliwa, na vipande vikapangwa kuelekeana. Desturi hiyo yatajwa pia katika kitabu cha Yeremia, sura ya 34: wenye kuagana walipita katikati ya vipande, kana kwamba kila mmoja anakubali kupatwa na yaliyompata mnyama iwapo atalivunja agano. Lakini tazama lililotokea katika habari za Abramu. Yeye alishikwa na usingizi mzito, na kilichopita kati ya vipande kilikuwa tanuru litokalo moshi na mwenge wa moto, alama za kuwapo kwake Mungu. Abramu hakupita. Wahenga wetu walisema kwamba ahadi ni deni. Hapa Mungu anajitwika deni hilo peke yake.

Sura inayofuata mara moja yaonyesha udhaifu wa mwanadamu. Abramu na Sarai wanachoka kungoja, wanamtumia mjakazi Hajiri ili wapate mtoto, na ugomvi unaingia nyumbani hata Hajiri akakimbilia jangwani. Mungu hakuivunja ahadi yake kwa Abramu. Wala hakumsahau yule mjakazi aliyeonewa.

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA

Kwanza, uaminifu wa Mungu si mshahara wa tabia njema. Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 2, wafundisha kwamba upungufu wetu hauuondoi uaminifu wake, kwa kuwa Mungu hawezi kwenda kinyume cha jinsi alivyo.

Pili, uaminifu huo si ruhusa ya kutenda maovu. Mtume Paulo aliliona swali hilo likija, akalijibu kwa ukali katika Waraka kwa Warumi, sura ya 6. Mfalme Daudi naye, baada ya kumtwaa mke wa Uria na kusababisha kifo cha mumewe, alisamehewa alipokiri. Hata hivyo matokeo ya kosa lake hayakufutika katika nyumba yake. Kusamehewa ni jambo moja, na kuyaondoa madhara ni jambo lingine. Mtoto aliyeiba kalamu husamehewa, na kalamu huirudisha.

KWA NINI PETRO?

Kosa la Petro ni la aina ambayo watoto huijua: alisema uongo kwa sababu ya hofu. Methali yetu husema kuteleza si kuanguka. Lakini Petro hakuteleza tu, alianguka, na alianguka mara tatu baada ya kujigamba kwamba hataanguka kamwe.

Mwalimu azingatie mambo matatu katika Injili. La kwanza lapatikana katika Luka, sura ya 22. Kabla Petro hajamkana, Yesu amekwisha kumwambia kwamba atamkana, amekwisha kumwombea, na amekwisha kumpa kazi ya kuwaimarisha wenzake atakaporejea. Maombi yalitangulia kosa.

La pili limo katika Injili ya Marko, sura ya 16. Wanawake walipofika kaburini waliagizwa kuwapa habari wanafunzi wa Yesu, na Petro akatajwa kwa jina. Yule ambaye angeweza kudhani kwamba si mwanafunzi tena ndiye aliyeitwa peke yake.

La tatu ndilo lenye kugusa sana. Katika Yohana, sura ya 18, Petro alimkana Bwana wake akiota moto wa makaa pamoja na watumishi. Katika sura ya 21, Yesu mfufuka awangoja wanafunzi ufukweni, na moto wa makaa umekwisha kuwashwa, una samaki juu yake. Katika Agano Jipya lote neno la Kiyunani lenye maana ya moto wa makaa latumika mara mbili tu, na ni katika sura hizi mbili. Petro alikana mara tatu. Sasa anaulizwa mara tatu kama ampenda Yesu, na kila mara anakabidhiwa kondoo awachunge. Anarudishwa mpaka pale alipoangukia, hapo anainuliwa, na hapo anapewa amana.

HATUA ZA SOMO (dakika 40)

Madhumuni: Mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kusimulia anguko na kurudishwa kwa Petro, na kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini Wakristo husema kwamba Mungu ni mwaminifu.

Zana: Biblia, ubao, chaki, na picha mbili za moto wa makaa zilizochorwa na mwalimu, moja ya uani usiku, nyingine ya ufukweni alfajiri.

1. Utangulizi (dakika 5). Waulize wanafunzi: "Rafiki akivunja ahadi aliyokupa, wewe hufanya nini na ahadi uliyompa?" Pokea majibu yote bila kuyahukumu. Wengi watasema kwamba ahadi yao nayo imekwisha. Liandike jibu hilo ubaoni, maana ndilo litakalopimwa na somo zima.

2. Masimulizi (dakika 15). Bandika picha ya kwanza na usimulie anguko. Usimcheke Petro wala kumwigiza kama mpumbavu. Kisha bandika picha ya pili kando yake, unyamaze kidogo. Waache watoto wenyewe watambue kinachofanana, ndipo usimulie habari za ufukweni.

3. Majadiliano (dakika 12). Uliza: Je, Yesu alijifanya kwamba hakuna lililotokea? Je, alimfukuza Petro? Kwa nini alimpa kazi? Lirudie jibu lililoandikwa ubaoni, mlilinganishe na alivyotenda Yesu.

4. Kazi ya wanafunzi (dakika 8). Kila mmoja aandike sentensi tatu au nne, akijaribu kueleza Petro alifikiri nini alipouona ule moto wa pili.

MAKOSA YA KUEPUKA

Usimalize kipindi jogoo anapowika. Muda ukiwa mfupi, punguza habari za uani, usipunguze za ufukweni.

Usimtake mtoto yeyote atangaze makosa yake mbele ya wenzake. Somo la rehema lisigeuzwe kuwa baraza la hukumu.

Usilitumie somo hili kumnyamazisha mtoto aliyedhulumiwa. Pale ufukweni aliyehojiwa ni yule aliyekosa. Mtoto aliyeumizwa na mtu mzima anahitaji kulindwa, si kuhimizwa avumilie.

Wala usimfanye Petro kuwa mtu asiyekosea tena. Waraka kwa Wagalatia, sura ya 2, wasimulia kwamba huko Antiokia alijitenga na Wakristo wasio Wayahudi kwa kuwaogopa watu, na Paulo akamkemea waziwazi. Hofu ileile ilirudi. Kama uaminifu wa Mungu ungetegemea ukamilifu wa Petro, ungekoma siku hiyo.

HITIMISHO

Mtoto wa shule ya msingi hujifunza habari za Mungu kwa masikio, lakini huzipima kwa macho. Mwalimu anayefundisha habari za ufukweni katika kipindi cha kwanza, kisha katika kipindi cha pili akamkumbusha mwanafunzi kosa la mwaka jana mbele ya darasa zima, amefundisha masomo mawili yanayopingana, na la pili ndilo litakalokumbukwa. Mwanafunzi akikosa, kosa lake na litajwe kwa kweli, na arekebishwe; kisha akabidhiwe tena funguo za kabati, au daftari za kugawa, au zamu ya kengele. Kumkabidhi kazi aliyeanguka ndiko kumwambia kwamba bado yu wetu.

Maswali ya kujadiliana chuoni

1. Utamjibu nini mwanafunzi anayesema, "Basi tukose tu, Mungu atasamehe"?

2. Andaa somo la dakika 40 juu ya Daudi, ukitofautisha msamaha na matokeo ya kosa.

3. Ni desturi zipi za shuleni zinazomfanya mtoto aliyekosa aone kwamba hawezi kurudi? Pendekeza za kushika nafasi yake.