Kompyuta Ivaliwayo Mkononi: Siri ya Kusomeka kwa Kioo Chake

Mzamiaji ashukapo baharini huvaa mkononi kompyuta ndogo, mfano wa saa. Chombo hicho hupima kina cha maji na kuhesabu muda aliobakiwa nao kabla ya kupanda. Akikisoma vibaya, akachelewa chini kisha akapanda kwa haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini yaweza kufanya mapovu katika damu na kumlemaza, au hata kumwua. Kwa hiyo tarakimu hazina budi kusomeka chini ya jua kali mashuani, na vilevile katika kiza cha kilindini.

Wengi hudhani kwamba dawa ni kuongeza nuru tu. Sivyo. Jicho husoma kwa kulinganisha penye nuru na penye kiza. Ichukuliwe kuwa tarakimu hutoa nuru ya vipimo 500, na sehemu inayozizunguka haitoi nuru yoyote. Gizani, tofauti hiyo ni kubwa. Lakini kioo kikiakisi jua na kuongeza vipimo 1,000 kila mahali, tarakimu zitakuwa na 1,500 na sehemu ya pembeni 1,000. Uwiano ni 1.5 kwa 1 tu, na maandishi hufifia.

Saa ya Pulsar, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1972, ilionyesha tarakimu nyekundu kwa vijitaa vya diodi. Vijitaa hivyo vilikula umeme mwingi, hata mvaaji akalazimika kubonyeza kitufe kila alipotaka kujua saa. Na juani vilififia. Mwaka 1973 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya tarakimu sita iliyotumia fuwele za kimiminiko. Fuwele hizo hazitoi nuru, bali huipitisha au huizuia nuru itokayo nje. Kadiri jua linavyozidi, ndivyo zinavyosomeka. Kasoro yake hudhihirika gizani, ambako huhitaji taa ndogo.

Vioo vingi vya siku hizi hutoa nuru vyenyewe. Kihisi huipima nuru ya mahali, kikaiongeza ya kioo juani na kuipunguza gizani. Nao utando maalumu hupunguza nuru inayoakisiwa.

Ukubwa wa maandishi nao una kanuni yake. Jicho zima hutambua herufi yenye pembe ya dakika 5. Kwa umbali wa sentimita 30, hiyo ni milimita 0.44. Hicho ni kikomo, si kipimo cha kusoma kwa raha. Tarakimu muhimu ziwe kubwa mara kadhaa kuliko hapo, na yasiyo ya lazima yaondolewe.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili kwa tochi na gazeti. Adhuhuri, nje, gazeti husomeka vizuri, lakini nuru ya tochi haionekani sana. Katika chumba chenye giza mambo hugeuka. Kazi ya mtengenezaji ni kuziunganisha sifa za vitu hivyo viwili katika kioo kimoja.