Kufundisha Upimaji wa Umeme wa Jua wa Nyumbani

Betri nyingi za umeme wa jua hufa mapema kwa sababu wenye nyumba hawakufundishwa kuzisoma. Kazi hiyo ni ya somo la Sayansi, nasi tunapendekeza ifundishwe kwa vitendo, kwa hatua tatu.

Kwanza, wanafunzi wapime betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa, bila kuchajiwa wala kutumiwa. Ikisoma takriban volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu; 11.8 imekwisha. Vipimo viandikwe daftarini kwa majuma mawili.

Pili, wafanye hesabu. Betri ya ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200. Ili idumu, itumiwe nusu tu, yaani 600. Taa 4 za wati 10 zikiwaka saa 5 hula 200. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4 hula 240. Je, jokofu linalokula 500 kwa siku litawezekana? Mwalimu asijibu, hesabu ijibu.

Tatu, wapange kidhibiti chaji kikate umeme kabla betri haijaumia. Hapa wengi hukosea: huweka 12.2, taa zikazimika mapema. Volti hushuka betri inapofanya kazi, hata kama chaji ingalimo. Kwa hiyo kiwango cha kukata hakina budi kuwa chini ya kile cha betri iliyopumzika.

Mwanafunzi akilielewa hilo kwa mita yake mwenyewe, betri ya nyumbani kwao imepata mlinzi.